Mgeni wa Siku Mia na Ishirini

Kabla macho yake hayajageuka manjano, Farjallah bin Yaseen alikuwa mtu wa ugonjwa mmoja tu, nao ni kesi. Alikuwa nayo kwa miaka kumi na tisa. Wenzake wa rika lake pale Shela, katika mji wa kale wa Malindi, walikuwa na sukari, presha na magoti. Yeye alikuwa na shamba la ekari arobaini huko Ganda, alilorithi kwa babake, na juu ya shamba hilo alikuwa na Garama. Garama naye alikuwa na nyumba kumi na moja za ndugu zake, mikorosho, migomba, mbuzi, na wakili.

Sheria yenyewe si ngumu, na pwani nzima hata watoto wa chekechea wanaijua. Mtu akikaa waziwazi juu ya ardhi yako miaka kumi na miwili bila ruhusa yako, nawe umenyamaza, anaweza kwenda mahakamani akadai ni yake. Lakini ikiwa alikaa kwa ruhusa, hata akikaa miaka mia, huyo ni mgeni tu, na mgeni hadai nyumba. Kwa hiyo kesi nzima ilisimama juu ya ruhusa. Garama alisema babake alihamia pale mwaka wa sabini na nne bila kumwomba mtu yeyote. Farjallah aliapa kwamba marehemu Mzee Yaseen, babake yeye, alimwambia babake Garama kwa kinywa chake mwenyewe, "Kaa, ulime." Aliapa hivyo kwa maandishi mara nne.

Ukweli ni kwamba Mzee Yaseen hakuwahi kulitia mguu shamba lile. Maneno yale yalitungwa na wakili, Farjallah akayatia sahihi, na kwa kuwa uongo ukirudiwa hupata ndevu, siku hizi alikuwa hata anaisikia sauti ya marehemu ikiyasema. Shahidi wa mwisho wa kesi alikuwa yeye mwenyewe. Angesimama kizimbani Alhamisi ya mwisho wa mwezi, aape kwa mara ya tano, na Garama na nyumba zake kumi na moja wangefungasha.

Basi mwezi huo huo ndio mwili wake ukaamua kumfanyia visa. Nyumba yake ina ngazi ishirini na mbili. Alianza kupumzika kwenye ya kumi, kisha ya tano, kisha akawa anaziangalia tu kutoka chini na kusema leo hana haja ya kupanda. Mkojo ukawa rangi ya chai kavu. Moyo ukawa unamdunda kifuani hata akiwa amelala chali hafanyi lolote la dhambi.

"Ni kesi hii," alimwambia binti yake, Nahla.

"Kesi haigeuzi mkojo, Baba," akasema Nahla. Alikuwa mwalimu wa sayansi kwenye shule moja huko Muyeye, na alikuwa mtoto wake wa pekee, kwa hiyo hakuwa na ndugu wa kumsaidia kubishana naye. Akamtia kwenye tuktuk, akampeleka hospitali.

Daktari alikuwa msichana wa Bungoma aitwaye Linet, mwenye sauti ya upole na miguu ya kukimbia. Alimpima, akampima tena kwa kuwa hakuamini, kisha akavuta kiti karibu na kitanda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimeletwa kwa nguvu."

"Mzee, damu yako ni nne. Mwanaume anafaa awe na kumi na tatu kwenda juu. Sijui uliingiaje hapa kwa miguu yako."

Farjallah akapiga hesabu. "Na hizo tisa zimekwenda wapi?"

"Hazijaenda mahali. Zinavunjwa humo humo ndani."

"Na nani?"

"Na askari wako mwenyewe," akasema Linet. "Kinga ya mwili ni kama askari wa nyumba. Kazi yake ni kumjua mwenye nyumba na kumjua mwizi. Sasa wako wamechanganyikiwa, mzee. Wanazishika chembe nyekundu za damu yako mwenyewe, wanazitia alama kwamba ni wavamizi, na zikifika kwa wengu zinabomolewa. Rangi ya zile zimevunjwa ndiyo hiyo iko kwa macho na kwa mkojo."

"Kikulacho ki nguoni mwako," Nahla akasema kwa sauti ndogo.

Farjallah hakumsikia. Alikuwa amenasa kwenye maneno mawili, wavamizi na zinabomolewa, na hakuna maneno aliyoyapenda zaidi katika lugha nzima.

"Hao wavamizi ni wangapi?"

"Si wavamizi, mzee. Ni wenye nyumba."

"Nani kasema? Wana hati?"

Linet akamtazama Nahla. Nahla akatazama dirishani.

"Chembe za damu hazina hati, mzee."

"Basi askari wana haki ya kuuliza," akasema Farjallah, akajilaza kwenye mto kwa kuridhika. Kwa dakika kama mbili hivi alijisikia fahari kuwa na askari wakali namna ile.

Linet hakuwa mtu wa kukata tamaa haraka. Akamweleza kwamba zile chembe nyekundu ndizo zinazobeba hewa kuipeleka kila kiungo, na kwa kuwa zimebaki chache, moyo unazizungusha mbio mbio ili chache zifanye kazi ya nyingi. Umekimbia hivyo wiki mbili, usiku na mchana. "Na moyo wenyewe ni nyama kama nyama zingine," akasema. "Unataka hewa pia. Ukikosa, unachoka. Ukichoka, unasimama. Mimi sikuogopeshi, mzee, nakuambia tu vile iko."

Hapo fahari ikamtoka. Aliweka mkono kifuani akausikia moyo wake ukienda mbio, na kwa mara ya kwanza tangu augue alielewa kwamba huenda Alhamisi ikafika yeye hayupo.

Tiba ilikuwa mbili. Kwanza vidonge vya kuwatuliza askari, yaani kuwasimamisha kazi kwa muda. Farjallah aliuliza kama ni kwa mshahara au bila mshahara, akavimeza. Lakini vidonge huchukua siku kadhaa, pengine wiki mbili, kabla askari hawajasikia amri, na damu ya nne haina wiki mbili. Kwa hiyo ya pili ilikuwa kuongezwa damu ya mtu mwingine, imshikilie hadi dawa ifanye kazi. Hapo ndipo mambo yakawa magumu. Kundi lake lilikuwa O hasi, ambalo katika watu mia huenda ukalikuta kwa watu watatu au wanne. Nahla hakulingana naye. Binamu mmoja alikuwa na sukari, wa pili alizimia alipoiona sindano ikiwa bado kwenye karatasi yake, na wa tatu, wa Mambrui, alisema damu ya ukoo wao haipendi friji. Mifuko miwili ya kundi lake iliyokuwa kwenye akiba ilipojaribiwa kwenye kichupa iligombana na damu ya Farjallah kama mitara.

Linet alikuwa na orodha ya watu wanaotoa damu kila baada ya miezi minne bila kusukumwa na mtu. Akampigia simu mmoja wao, mwenye O hasi. Mtu huyo akapanda bodaboda asubuhi, akatoa, akapewa soda na biskuti zake. Damu ikapimwa magonjwa, ikajaribiwa kwenye kichupa, na saa nane mchana Linet akaja wodini na mfuko mwekundu, uso unamng'aa.

"Inagombana kidogo tu," akasema. "Kwa hali yako, mzee, hiyo ndiyo nzuri tutapata." Akautundika mfuko kwenye mlingoti wa chuma kando ya kitanda.

Farjallah akafumba macho, akasema alhamdulillahi. Alipoyafumbua, mlangoni palikuwa na mtu mwenye plasta kwenye kiwiko na chupa ya soda mkononi.

"Daktari, samahani," mtu huyo akasema. "Ulibaki na kadi yangu ya damu."

Alikuwa Garama.

Kwa miaka kumi na tisa watu hawa wawili hawakuwa wamesemezana ila kupitia mawakili. Hata siku msiba wa Zeina, mke wa Farjallah, ulipotokea, Garama alituma rambirambi kwa wakili wake, ikajibiwa kwa barua yenye nambari ya faili. Sasa Garama aliutazama mfuko, akautazama mkono wake mwenyewe, akamtazama mgonjwa. Hakuwa ameambiwa damu inakwenda kwa nani, na kama angeambiwa, huenda asingeipanda ile bodaboda.

Farjallah akauvuta mkono wake chini ya shuka. "Uondoe," akamwambia Linet.

"Mzee, mfuko umeshatoka kwa friji. Niko na nusu saa kuuanzisha. Ikipita siwezi urudisha, na mwingine sina."

"Mwanangu, wewe huwajui watu hawa. Huyu akiingiza mguu haondoki. Damu yake ikikaa mwilini mwangu miaka kumi na miwili, nami nimenyamaza, atakwenda mahakamani adai mwili."

Linet alishika tama kidogo. Alikuwa amesoma miaka sita, na hakuna mahali alipofundishwa hili. "Chembe nyekundu haiishi miaka kumi na miwili, mzee. Inaishi siku mia na ishirini. Miezi minne."

"Kisha huenda wapi?"

"Inakufa."

"Inafia wapi?"

"Humo humo ndani."

Farjallah akajaribu kuketi. "Makaburi!" akasema. "Nahla, umesikia? Makaburi!"

Ni lazima aeleweke, maskini. Katika kesi za ardhi za pwani hakuna ushahidi unaotisha kuliko kaburi. Mti utang'olewa na nyumba itabomolewa, lakini hakimu akionyeshwa mahali alipolala babu wa mtu hukohoa, hufuta miwani, huahirisha kesi.

"Sisi Ganda tuna makaburi ishirini na matatu," akasema Garama kutoka mlangoni. Hakuna aliyemuuliza, ila hakuweza kujizuia.

"Hakuna makaburi!" Linet akasema. "Wengu unasafisha, hakuna kinabaki. Dakika ishirini na tano."

"Nahla, toa karatasi," akasema Farjallah.

Nahla alikuwa na madaftari ya wanafunzi mkobani. Alichana ukurasa katikati ya moja, jambo ambalo humpigia mtoto kelele akilifanya, kwa sababu aliona kuandika ni haraka kuliko kubishana.

"Andika. Makubaliano ya ugeni wa damu. Moja, mgeni, yaani damu, anakiri kwamba mwili huu wote, kutoka utosini hadi nyayoni, pamoja na mipaka yake, ni mali ya Farjallah bin Yaseen. Mbili, mgeni hatajenga nyumba ya kudumu. Tatu, mgeni hatapanda mnazi, mkorosho, mwembe..."

"Baba, ni damu."

"Andika, wala mti wowote wa kudumu. Nne, mgeni akifa..." Pumzi ikamkatika. Wote wakangoja. Ikarudi nusu. "Akifa, jamaa zake wasije kudai kaburi. Mpe atie sahihi."

Garama aliupokea ukurasa ule, akausoma mara mbili, kidole kikifuata mstari, kama asomavyo mtu aliyewahi kuumizwa na karatasi. Kisha akaurudisha.

"Sitii."

"Umeona?" Farjallah akamwambia Linet. "Umeona nia yake?"

"Hapa pameandikwa mgeni," akasema Garama. "Nikitia sahihi neno mgeni kwenye karatasi yenye jina lako, sheikh, Alhamisi wakili wako atasimama nayo aseme Garama amekiri. Nina ndugu katika nyumba kumi na moja. Damu nimekupa, wala sikujua kama ni wewe, na sasa nimejua sijakunyang'anya. Lakini sahihi sikupi, Mulungu anione."

Linet akasema jambo kwa Kibukusu, huku anatazama dari. Kisha akasema kwa Kiswahili, "Dakika kumi na nane."

Hivyo ndivyo walivyokaa, watu wazima wanne na mfuko mmoja. Mashine ya mapigo iliyokuwa kando ilionyesha mia na thelathini na sita, kisha mia na arobaini na nne. Farjallah alihisi mtu amemwekea kinu juu ya kifua na sasa anatafuta mchi. Aliogopa. Aliogopa kufa kwa woga mtupu wa mtoto mdogo, na kilichomtia aibu ni kwamba aliogopa zaidi kuchezewa na Garama. Alijua kwamba ni upumbavu. Kuujua hakukumsaidia kitu.

Nahla akapiga magoti pale sakafuni. Alikuwa ameanza kulia bila kujificha. "Baba, mimi shamba silitaki. Mimi nakutaka wewe. Ukiniachia shamba nitafanya nalo nini? Nitaliambia shikamoo asubuhi?"

Farjallah alitaka kumjibu kwamba ni kwa ajili yake yote haya, lakini sentensi ilikuwa ndefu kuliko pumzi aliyobakiwa nayo. Akamshika mkono tu.

Garama naye hakuwa ameondoka. Alikuwa akiitazama fomu aliyoibana Linet chini ya kwapa.

"Daktari, hiyo karatasi ni ya nini?"

"Ni ya hospitali. Mgonjwa anatia sahihi kwamba amekubali kuwekwa damu."

"Amekubali, ndiyo kusema ametoa ruhusa?"

"Ndiyo. Imeandikwa hivyo, natoa ruhusa."

Garama akajipangusa uso kwa kiganja. Ilionekana wazi kwamba jambo lililokuwa likimjia lilimgharimu. Alisogea hadi miguuni pa kitanda.

"Sheikh," akasema, "achana na sahihi yangu. Tia yako hapo. Ukitoa ruhusa, damu yangu imeingia kwa ruhusa yako. Aliyeingia kwa ruhusa hadai. Hata akikaa miaka mia." Akainamisha kichwa, maana maneno hayo wakili wa Farjallah alikuwa akiyarudia mahakamani kwa miaka kumi na tisa, na kila mara Garama alikuwa akitikisa kichwa kuyakataa. Sasa ameyasema mwenyewe, mbele ya watu watatu, tena kwa kuyafafanua.

Farjallah alilala akitafuta mtego ulipo. Aliipindua hoja ile huku na huku. Haukuwapo.

"Ni sheria safi," akanong'ona.

"Dakika tatu!" akasema Linet.

Akatia sahihi. Hata katika hali ile sahihi yake ilikuwa na mikia miwili, na Linet alisimama akiingojea mikia ile iishe huku sindano iko tayari mkononi. Kisha akalifungua bomba, na tone la kwanza la Garama likashuka.

Damu huingizwa polepole, saa nne nzima, hasa kwa mtu ambaye moyo wake umechoka, maana ukimmiminia kwa pupa moyo hufurika ukashindwa. Garama aliketi kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda. Nahla alimwambia anaweza kwenda nyumbani, wamemsumbua vya kutosha. Akasema hapana, angependa kuona. Mashine ikashuka hadi mia na ishirini na nane. Ikashuka hadi mia na kumi. Magharibi ilipokaribia, vidole vya Farjallah vilivyokuwa baridi wiki mbili vilianza kupata joto kuanzia nchani, na kwa mara ya kwanza tangu augue aliweza kumaliza sentensi kwa pumzi moja.

Sentensi yenyewe ilikuwa, "Kiti hicho ni cha wageni."

"Nimeona," akasema Garama, wala hakuinuka.

Siku tatu zikapita. Kila asubuhi Linet alikuja kutoa damu kidogo ya kupima. Ilipanda hadi tano na nusu, ikarudi tano kasoro, ikasimama hapo. Askari walikuwa bado kazini ingawa walikuwa wameanza kusinzia. Asubuhi ya nne Farjallah alimzuia Linet kwa mkono.

"Daktari, hizi zilizovunjwa tangu juzi. Zangu ni ngapi, na zake ni ngapi?"

"Hiyo hatuwezi jua, mzee. Zikishaingia zimeingia. Zinazunguka pamoja."

"Lakini askari wanajua."

"Askari pia hawajui. Wanavunja zote sawasawa, zako na zake. Kwao zote ni wavamizi."

"Hawabagui?"

"Hata kidogo," akasema Linet, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Kutwa nzima hakusema neno, hadi Nahla akaingiwa na hofu upya, akaomba mashine irudishwe. Lakini mashine haikuwa na la kumwambia. Farjallah alikuwa anafikiri, kazi ambayo kwa miaka kumi na tisa alikuwa amemwachia wakili. Neno wavamizi lilimkaa vibaya mdomoni kwa mara ya kwanza. Alijiuliza ni nani aliyewaambia askari wale kwamba damu aliyozaliwa nayo haina haki ya kukaa pale ilipo, na kwa nini waliamini. Labda nao waliletewa kwa maandishi, mara nne. Na zile za Garama, zilizoingia kwenye mwili wenye vita bila kujua, zilikuwa zimefanya nini muda huo wote? Zilikuwa zimebeba hewa. Zilibeba mpaka saa ya kubomolewa, na zilizobaki zikaendelea kubeba. Akaona haya. Aliona haya sana, peke yake, mchana kweupe, shuka imemfika kidevuni.

Jumanne alasiri Garama alikuja kuichukua kadi yake, ambayo katika purukushani ile hakuna aliyeikumbuka. Alikuwa amevaa shati la kwendea mahakamani, kwa kuwa alikuwa anatoka kwa wakili wake. Alitaka kuichukua mlangoni aondoke, lakini Farjallah alimwita.

"Garama. Keti."

Garama akaketi. Nahla alikuwa upande wa pili wa kitanda, anasahihisha madaftari.

Farjallah alijiinua kidogo kwenye mto. Alikuwa ameitayarisha hotuba tangu alfajiri, yenye utangulizi na aya, na sasa yote ilikuwa imemtoka.

"Baba yangu hakumpa babako ruhusa," akasema.

Garama akasimama. Alilisikia neno lile kama ambavyo mtu yeyote angelisikia, kwamba babake aliingia kwenye ardhi ya watu kama mwizi, na anaambiwa hivyo na mtu anayeishi kwa damu yake. Taya zilimkaza. Alifungua mdomo ajibu. Kisha miaka kumi na tisa ya mahakama ikamfikia akilini, akaona neno lile linakwenda wapi, na akarudi kitini polepole.

"Rudia," akasema.

"Hakumpa. Hakuwahi hata kulikanyaga lile shamba, alikuwa hajui liko upande gani wa barabara. Mlikaa tu. Mlikaa waziwazi, mkalima, mkazikana, nasi tukanyamaza."

"Umeapa mara nne, sheikh."

"Niliapa uongo. Kesho kutwa nitaapa ya tano, kama nipo. Watanibeba na kitanda wakitaka."

"Unajua unalolisema? Unajua hakimu akilisikia hilo..."

"Mimi ndiye mwenye kesi," Farjallah akasema kwa ukali. "Najua kuliko wewe." Kisha ukali ukamwishia. "Na nikiwa sipo, hapa yupo shahidi."

Wazee wote wawili wakamgeukia Nahla. Kalamu ilikuwa imesimama juu ya daftari. Ekari arobaini zile zingekuwa zake. Tangu utotoni alikuwa akiambiwa kila Ijumaa kwamba zitakuwa zake, na siku ile aliyolia sakafuni na kusema hazitaki, hakuna aliyekuwa amemshika kwa neno lake. Alimtazama babake, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kurudi meupe pembeni, naye anamngojea amjibu kama mtu anayengojea kipimo.

"Nimesikia, Baba," akasema.